Maswali ya Wasomaji: Roboti Inayogeuka Gari Tuipimeje?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu kitu kimoja cha kuchezea: roboti inayokunjwa na kukunjuliwa kwa mkono mpaka ikawa gari, kisha ikarudishwa kuwa roboti. Wanaoandika ni wazazi, wakusanyaji na vijana wanaotaka kuandika tathmini zao wenyewe. Tumechagua barua tano, na ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa kuwa karibu maswali mengine yote yanaanzia humo.

SWALI: Nimenunua roboti yenye kimo cha sentimita 14 hivi inayogeuka kuwa gari la mbio. Ikiwa gari inapendeza mno. Ikisimama kama roboti, hubeba mgongoni furushi la paa na vioo, nyonga yake ya kushoto inalegea, na ninapoirudisha kuwa gari mlango mmoja hukataa kukaa sawa. Rafiki zangu wawili hawapatani: mmoja anasema hii ni kazi mbovu, mwingine anasema nimepata nakala yenye bahati mbaya. Ninataka kuandika tathmini ya haki. Nianzie wapi? (Mkusanyaji mchanga)

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki zako wote wawili wana sehemu ya haki, kwa kuwa umetaja kasoro tatu ambazo hazitoki mahali pamoja. Furushi la mgongoni ni la msanifu. Kila roboti iliyotoka katika kalibu ile italibeba, na kubadilishiwa nakala hakutaliondoa. Nyonga ya kushoto ni ya kiwanda, na ushahidi unao mwenyewe ikiwa nyonga ya kulia imekaza. Roboti ina pande mbili zinazofanana, jambo ambalo ni neema kubwa kwa mpimaji, maana kila kiungo kinaweza kulinganishwa na mwenzake. Pande zote mbili zikilegea kwa kiasi kilekile, lawama huanza kuhamia kwa msanifu aliyekadiria vibaya uzito wa kiwiliwili. Mlango nao huenda ni kosa la mkono. Rudia mgeuko wote tangu mwanzo ukifuata karatasi ya maelekezo, kwa sababu mara nyingi kipande kinachoonekana kibovu kimezuiwa na kingine kilichoachwa nusu milimita nje ya tundu lake hatua tatu nyuma. Ukigundua kwamba mkono wa roboti uliokunjwa ndani haukuingia sawasawa, mlango hauna hatia.

Tathmini inayochanganya asili hizi tatu humdhulumu mtu, ama msanifu anayelaumiwa kwa uzembe wa kiwandani, ama msomaji anayeonywa juu ya kasoro ambayo yeye hataikuta. Kwa hiyo katika maandishi yako itaje kila kasoro pamoja na asili yake.

Ukishafanya hivyo, pima gari kabla ya roboti, maana gari ndilo umbo lenye masharti makali zaidi. Roboti ni kiumbe cha kubuni, na hakuna awezaye kusema kwa uhakika bega lake lilipaswa kuwa wapi, ilhali gari kila mtu analijua, na jicho hugundua mara moja boneti iliyopinda au gurudumu lililoinuka kuliko mengine. Liweke juu ya kioo au meza iliyo sawa, kisha ubonyeze kila pembe kwa kidole. Likiyumba, kuna gurudumu lisilofika chini. Lisukume polepole. Likikwaruza, chungulia chini yake utafute ngumi au kidevu cha roboti kinachoning'inia.

Halafu tazama mistari ya maungio. Mwili wa gari hukatwa vipande vingi ili uweze kukunjika, na ustadi wa msanifu huonekana katika mahali alipoamua kukata. Mkato unaofuata ukingo wa mlango, wa boneti au wa bampa hupotea machoni, kwa kuwa hata gari halisi lina mstari pale. Mkato unaopita katikati ya paa, au unaoigawa taa ya mbele mara mbili, hauwezi kufichwa na rangi yoyote. Angalia vilevile ulinganifu wa rangi. Plastiki iliyochanganywa na rangi tangu ikiwa uji wa moto hailingani kila mara na plastiki iliyopakwa juu, na tofauti hudhihirika zaidi pale ambapo kioo cha dirisha na nguzo zake ni kipande kimoja cha plastiki angavu kilichopakwa rangi ya mwili. Kuona uso wa roboti unapoligeuza gari juu chini mimi sihesabu kuwa kasoro katika roboti ya kimo hicho, kwa sababu tumbo la gari halina mahali pengine pa kuvificha viungo.

Baada ya gari ndipo uje kwenye mgeuko, na hapa ningekusihi ukae muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Gari zuri la kuchezea linaweza kununuliwa peke yake, na sanamu nzuri ya roboti vilevile. Thamani ya kitu hiki imo katika njia iliyo kati ya maumbo hayo mawili, nayo njia hiyo haionekani katika picha wala haiandikwi juu ya sanduku. Roboti iliyo nzuri katika maumbo yote mawili lakini inayoumiza kucha na kutia hofu ya kuvunjika itageuzwa mara chache, kisha itaachwa kabatini katika umbo moja, na hapo itakuwa imeshindwa kazi iliyotengenezewa.

Mgeuko mwema hujulikana mkononi. Kila hatua hufungua nafasi ya hatua inayofuata, hivi kwamba baada ya kurudia mara kadhaa unaweza kuiweka kando karatasi ya maelekezo na vidole vikaendelea vyenyewe. Kipande kikifika mahali pake hutoa mlio mdogo au hukaza ghafla, ukajua kwamba kimefika. Mwishoni vipande hushikana: mguu wa kushoto hushika wa kulia, milango hushika mikono iliyofichwa, paa hushika vyote, na gari huwa kitu kimoja ambacho unaweza kukiinua kwa kukamata pembe yoyote bila kitu kufunguka. Ubaya nao huonekana upesi. Kipande hulazimika kupinda ndipo kipite. Kichomozo ni kifupi hata hakifiki ndani ya tundu. Bawaba hukubali kwenda pande mbili bila kukuonyesha ulio sahihi. Au vipande vitatu hutakiwa kupita kwa pamoja ilhali mikono yako ni miwili. Zipo pia roboti zinazodai kipande king'olewe kabisa na kuchomekwa kwingine. Kwa silaha au bomba la moshi sioni tatizo. Kifua au miguu ikilazimika kung'olewa, mimi huona kwamba msanifu ameacha kutafuta njia, hata kama umbo la mwisho linapendeza.

Sasa isimamishe roboti, tuje kwenye lile furushi. Ugumu wa kazi hii, ambao kila mpimaji anapaswa kuuheshimu, ni kwamba gari ni sanduku lenye uwazi ndani, na roboti ni kiwiliwili chenye viungo vyembamba. Ngozi ya sanduku ni pana kuliko inavyohitajika kuvifunika viungo hivyo, na ziada lazima iende mahali. Msanifu anaweza kuifanya kuwa mwili wenyewe wa roboti, boneti ikawa kifua na ubavu wa gari ukawa mguu. Anaweza kuikunja na kuiingiza ndani ya miguu iliyo mitupu. Anaweza pia kuibandika yote mgongoni ikawa kibyongo, na hii ndiyo njia rahisi kuliko zote. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilipotoa Prowl, roboti inayogeuka kuwa gari la polisi la Nissan Fairlady, ambayo ilikuwa imekwisha kubuniwa na kampuni ya Takara ya Japani, sehemu ya mbele ya gari ilikuwa kifua, na milango ilisimama nyuma ya mabega mithili ya mbawa. Milango ile ilikuwa ziada tupu, lakini ilipewa mkao wenye maana, na miaka mingi baadaye wasanifu wa roboti zenye jina hilo huendelea kuziweka mbawa hizo kwa makusudi, kwa sababu mashabiki wasipoziona huhisi kwamba si yeye.

Utakutana pia na kifua bandia, yaani kifua chenye taa na kioo cha gari ambacho ni kipande cha ziada tu, huku sehemu halisi ya mbele ya gari imekunjwa na kufichwa mgongoni. Wakusanyaji wengine hukiita udanganyifu. Mimi hukikubali pale kinapoleta umbo ambalo lisingewezekana kwa njia nyingine, na hukikataa pale ambapo sehemu halisi ingetosha na msanifu akaona uvivu kuitumia.

Kwa roboti yako, pima kibyongo kwa madhara yake. Je, kinaivuta nyuma mpaka ianguke, au kisigino kimerefushwa kukabili uzito huo? Je, kinazuia mabega yasizunguke? Je, kinafungwa kwa kichomozo, au kinatikisika kila unapoishika? Kibyongo kilichoshikamana vizuri, ambacho hakionekani ukiitazama roboti kwa mbele, ni kasoro ndogo, na kinachoning'inia ni kubwa. Jaribu pia mikao miwili au mitatu: goti lililokunjwa, kiuno kilichozungushwa, mkono ulionyooshwa mbele na silaha ndani ya ngumi. Hapo utajua aina za viungo zilizotumika. Nyonga hubeba mwili wote, kwa hiyo hufaa ziwe na kiungo cha meno, kile kinacholia unapokigeuza na kukaa imara katika kila jino, ila meno yakiwa mapana mno mkao unaoutaka huangukia kati ya jino na jino. Shingo na kichwa hufaa kiungo cha gololi, yaani kitufe cha mviringo kinachozunguka kila upande ndani ya tundu lake. Kwa viwiko na magoti ya roboti ndogo, kiungo cha msuguano mtupu, kinachoshikwa na mkazo wa vipande vyake tu bila meno, kinatosha.

SWALI: Mwanangu ana miaka minne na amekuwa akiililia roboti ya aina hii, ilhali sanduku limeandikwa kwamba inawafaa wenye miaka minane na kuendelea. Je, maandishi hayo yanahusu usalama au ni akili ya kuweza kuigeuza? (Mama wa mtoto mmoja)

JIBU: Mama, swali lako ni la msingi, kwa kuwa maandishi ya umri juu ya sanduku hubeba mambo mawili, na mzazi hana budi kuyatenganisha. Onyo la kuwazuia walio chini ya miaka mitatu ni la usalama, na halina mjadala. Katika viwango vya kimataifa kipande hupimwa kwa bomba dogo lenye kipenyo cha milimita 31.7, linalokadiria koo la mtoto mdogo. Kipande kinachoingia chote ndani ya bomba hilo bila kusukumwa huhesabiwa kuwa kinaweza kumkaba. Roboti nyingi zinazogeuka huwa na ngumi, bunduki au kombora la ukubwa huo. Umri wa miaka mitano, sita au minane, kwa upande mwingine, mara nyingi hueleza ugumu wa mgeuko na nguvu ya vidole inayohitajika, ingawa hupaswi kuchukulia hivyo kabla ya kuisoma sababu iliyoandikwa kando yake.

Hata hivyo mtoto wa miaka minne bado anaweza kutia kitu mdomoni, hasa akiwa amechoka au amezama mchezoni. Kwa hiyo kabla ya kumpa, mimi ningetazama mambo yafuatayo kwa mkono wangu mwenyewe. Vuta kila kipande kidogo kwa nguvu ambayo mtoto angevuta. Kinachong'oka kiweke mbali mpaka akue. Kama roboti ina sumaku, hakikisha zimefungwa ndani ya plastiki isiyo na ufa, kwa maana sumaku mbili zilizomezwa huvutana kupitia kuta za utumbo na zinaweza kuutoboa. Kama inatoa sauti au mwanga, tazama kifuniko cha betri: betri ndogo ya mviringo mfano wa kishikizo ikikwama kooni inaweza kuunguza ndani ya saa mbili, hivyo kifuniko chake lazima kifungwe kwa skrubu na skrubu iwe imekaza. Ukishuku kwamba mtoto amemeza sumaku au betri, mpeleke hospitali papo hapo bila kusubiri dalili. Mwisho, geuza roboti mwenyewe ukiwa umeweka ncha ya kidole pale ambapo mtoto angeweka, na utaona kama kuna bawaba inayobana ngozi.

Zipo roboti zilizosanifiwa kwa umri wa mwanao, kubwa za mviringo, zenye hatua tatu au nne tu na zisizo na kitu cha kung'oka. Usizidharau kwa urahisi wake. Mtoto anayeweza kuigeuza peke yake, akairudisha, akaigeuza tena, anapata furaha yote ambayo kitu hiki kinaweza kutoa, ilhali aliyepewa ya miaka minane atakuwa anamwita mama kila mara amfungulie mguu.

SWALI: Nikisoma juu ya sanduku huona idadi ya hatua za mgeuko imeandikwa kwa herufi kubwa. Je, hatua nyingi ni dalili ya ubora? (Msomaji wa miaka 16)

JIBU: Hapana. Idadi ya hatua inakuambia kazi itakavyokuwa ndefu, na haisemi lolote juu ya uzuri wake. Isitoshe, kila mtengenezaji huhesabu anavyotaka, mmoja akahesabu milango miwili kuwa hatua moja na mwingine akaihesabu mara mbili. Swali la kufaa ni kila hatua imeleta nini. Hatua inayozungusha kiuno na papo hapo kuufanya mgongo wa roboti kuwa paa la gari imefanya kazi ya hatua tatu. Hatua inayokunja kipande cha kioo, kisha inayokikunja tena, kisha inayokisukuma ndani ili tu kisionekane, imeongeza idadi bila kuongeza kitu mkononi. Roboti kubwa za wakusanyaji huweza kuwa na hatua nyingi sana na zikastahili kila moja, kwa kuwa zinatafuta umbo lililo karibu kabisa na gari halisi. Roboti ya kuchezewa kila siku, kwa maoni yangu, inapaswa kugeuka kabla mchezo haujapoa.

SWALI: Baba yangu alikuwa na roboti hizi utotoni, na anasisitiza kwamba za zamani zilikuwa bora kwa sababu zilikuwa na chuma, na za leo ni plastiki tupu. Je, ana haki? (Mwana wa mkusanyaji)

JIBU: Mpe baba yako heshima yake, kwani kuhusu chuma anakumbuka sawasawa. Roboti anazozizungumzia zilianzia Japani, ambako Takara ilitoa mfululizo wa Diaclone kuanzia mwaka 1980, na mfululizo wa Micro Change mwaka 1983. Hasbro ya Marekani ilichukua haki za vitu hivyo, ikaviunganisha chini ya jina la Transformers na kuviuza kuanzia mwaka 1984. Nyingi kati ya hizo za mwanzo zilikuwa na sehemu za zinki iliyomiminwa katika kalibu, matairi ya mpira na vipande vilivyong'arishwa mithili ya fedha. Ndani ya magari ya Diaclone kulikuwa na kiti cha dereva mdogo mwenye sumaku miguuni, kwa sababu roboti zile zilibuniwa kuwa mashine za kuendeshwa na watu. Hasbro ndiyo iliyozifanya kuwa viumbe wenye nafsi na majina yao, na madereva wakaondolewa.

Lakini uzito si ubora. Chuma huipa roboti ubaridi na uzito unaopendeza kiganjani, nami siwezi kukana raha hiyo, ila kina gharama zake: rangi iliyopakwa juu ya chuma hubanduka kwenye kingo vipande vinapogongana, kifua kizito huielemea nyonga, na kipande cha chuma kikianguka juu ya kichomozo cha plastiki, kinachovunjika ni plastiki. Tazama pia jinsi roboti nyingi za mwaka 1984 zinavyosimama. Mikono huinuka na kushuka, pengine hukunja kiwiko, na miguu mara nyingi haitembei kabisa, kwa maana viungo vilivyokuwepo vilikuwa vya kuigeuza tu. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1996 na mfululizo wa Beast Wars, ulioeneza viungo vya gololi katika mabega, nyonga na magoti, na roboti ikaanza kukaa mikao ambayo ya baba yako isingeiweza.

Kampuni zenyewe zimelijaribu swali hili. Takara ilipoanza mfululizo wa Masterpiece mwaka 2003, roboti ya kwanza ilikuwa Convoy, ambaye nje ya Japani huitwa Optimus Prime, nayo ilikuwa kubwa na yenye chuma kingi. Mwaka 2011 kampuni hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kuungana na Tomy na kuwa Takara Tomy, ilimtengeneza upya akiwa mdogo zaidi na mwenye chuma kidogo zaidi, na wakusanyaji wengi waliiona hiyo ya pili kuwa kazi bora, kwa mgeuko wake na kwa jinsi inavyosimama. Chuma kinapowekwa miguuni, ambako kinashusha kitovu cha uzito, kinasaidia. Kikiwekwa kifuani kwa ajili ya kuvutia mnunuzi, kinaumiza. Basi mwambie baba yako kwamba aina ya plastiki ni jambo la kuangaliwa zaidi: vipande vinavyosuguana vinahitaji plastiki ngumu inayoteleza, kingo zinazoweza kumchoma mtoto zinahitaji plastiki laini, na bawaba nyembamba haifai kabisa kutengenezwa kwa plastiki angavu, ambayo haipindi na hupasuka ghafla.

SWALI: Nimepata nafasi ya kununua roboti iliyotumika, ya miaka ya mwisho ya 1980. Nikague nini kabla ya kulipa, na viungo vikiwa vimelegea vinaweza kukazwa? (Mnunuzi mwangalifu)

JIBU: Kwanza kabisa tazama kama ina vipande vya plastiki ya rangi ya dhahabu yenye chembe za kumetameta na mawimbi ndani yake. Plastiki ya namna hiyo iliyotumika katika miaka ya mwisho ya 1980 na ya 1990 hudhoofika kwa umri, na huweza kumomonyoka kwa mguso mdogo hata kama roboti haijawahi kutolewa ndani ya sanduku. Ukiiona katika bawaba au kiungo, usiigeuze mbele ya muuzaji, na kama unaitaka kwa ajili ya kuichezea, iache.

Kisha geuza macho kwenye plastiki nyeupe na ya kijivu. Mwanga na joto huifanya iwe ya manjano, na ukilinganisha sehemu inayofichwa ndani ya gari na ile ya nje utajua ilivyokuwa awali na ilivyokaa kwenye jua kwa kiasi gani. Mstari mweupe karibu na kichomozo au skrubu ni alama kwamba plastiki imewahi kupindwa kupita uwezo wake, na ufa utaanzia hapo. Hesabu vipande vidogo ukilinganisha na picha ya karatasi ya maelekezo, kwa kuwa ngumi, makombora na bunduki ndivyo vinavyopotea, na kuvitafuta kimoja kimoja huweza kugharimu kuliko roboti yenyewe. Kombora lisiporuka usishtuke: katika matoleo mengi ya Marekani springi zilidhoofishwa makusudi kwa ajili ya usalama wa watoto.

Kuhusu kukaza, anza na lililo rahisi. Kama kiungo kina skrubu, ikaze kwa bisibisi inayoenea sawasawa kichwani mwake, robo mzunguko kwa wakati mmoja, ukijaribu kiungo kila mara. Kiungo cha gololi kilicholegea kitoe nje taratibu, paka gololi tabaka jembamba la rangi angavu ya kucha, acha ikauke kabisa ikiwa nje, ndipo uirudishe. Ikiwa bado inalegea ongeza tabaka la pili. Usitie gundi ya papo hapo ndani ya kiungo kilichofungwa, kwani ikigandisha hutaweza kukifungua tena. Kiungo kikiwa kigumu kupita kiasi, tumia grisi ya silikoni kidogo sana, na usitumie mafuta ya mashine, ambayo yanaweza kuidhoofisha plastiki. Kwa kiungo cha meno ambacho meno yake yamelika, dawa hizi hazifai: kinahitaji kipande kingine kutoka roboti ya kalibu ileile, na bei unayokubali kulipa iwe imekwisha kulihesabu hilo.